Nimeng'oa magego mawili na maumivu yako palepale

SWALI

Shikamoo dada mshauri.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Tangu msimu wa sare za shule wa mwaka jana nasumbuliwa na maumivu upande wa kulia wa uso. Yanaanzia mbele ya sikio, yanashuka hadi kwenye magego, na siku nyingine yanapanda mpaka kwenye panja, kichwa kizima kinagonga. Nikifungua mdomo taya linaalika, hata mtu aliyekaa pembeni yangu analisikia. Asubuhi naamka taya likiwa zito, kutafuna mkate mkavu ni kazi. Juzijuzi nilipiga mwayo likagoma katikati. Nikalichezesha taratibu mpaka likaachia, lakini niliogopa sana.

Mwanzo nilidhani ni sikio. Nikapewa dawa ya matone, haikusaidia. Nikaenda kliniki moja ya meno, wakaniambia gego la mwisho la juu limeharibika, likang'olewa. Baadaye likang'olewa na la chini. Maumivu yako palepale. Sasa wanataka nirudi Ijumaa ijayo ling'olewe la tatu, ingawa wenyewe walisema eksirei haionyeshi tundu. Kila siku nakunywa diklofenaki ninayonunua duka la dawa, bila hiyo sishoni, na sasa tumbo nalo limeanza kuwaka moto.

Mume wangu anasema usiku nasaga meno mpaka anaamka. Mama mkwe anasema hiyo ni minyoo. Nimemeza dawa za minyoo mimi na mwanangu wa miaka sita, maana naye anasaga, lakini sijaona tofauti. Jirani yangu ambaye ni muuguzi ndiye kanishauri niende kwa daktari wa mazoezi. Nilishangaa. Nilijua mazoezi ni ya watu waliopooza au waliovunjika miguu. Taya nalo linafanyiwa mazoezi? Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, dada yangu. Ning'oe au nising'oe?

Fundi wa Morogoro

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa yote.

Nianze na Ijumaa. Usikubali jino la tatu ling'olewe mpaka daktari mwingine wa meno alikague na akuonyeshe ugonjwa wake: tundu, ufa, au usaha kwenye mzizi. Jino likiwa na ugonjwa litatibiwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Lakini jino zima likitolewa ili kutuliza maumivu yanayotoka kwenye taya, utakuwa umepoteza jino na maumivu yatabaki. Linaniuma kusema hivi kwa sababu mawili yameshaondoka, na mimi kutoka hapa siwezi kujua kama yalikuwa mabovu kweli. Ninachojua ni kwamba dalili ulizoandika hazisomeki kama za jino.

Jino bovu kwa kawaida hujitambulisha. Ukinywa maji baridi au chai ya moto linashtuka, ukiligonga kwa kijiko unalijua ni lipi, na mara nyingi haliungi safari ya kwenda kwenye panja na sikio asubuhi ya kila siku. Wewe maumivu yako yapo mbele ya sikio, yanazidi ukitafuna, taya linaalika, linagoma kwenye mwayo, unaamka nalo likiwa zito, na usiku unasaga meno. Mpangilio huo ni wa kiungo cha taya na misuli yake. Misuli hii ina tabia ya kupeleka maumivu mbali na pale yanapoanzia: ule mnene wa shavuni ukichoka unauma magego ya juu na ya chini, na ule wa kwenye panja unauma meno ya juu na kichwa. Ndiyo maana watu wengi wenye tatizo hili hupitia kwa daktari wa masikio, kisha wa meno, kabla ya mtu kuwashika taya. Jirani yako amekupa ushauri mzuri.

Weka vidole vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, halafu fungua na ufunge mdomo polepole. Utasikia kitu kinazunguka, kisha kinateleza kuja mbele. Hicho ni kichwa cha taya la chini kikicheza kwenye kishimo cha mfupa wa fuvu. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna kipande chembamba cha gegedu kinachosafiri pamoja na taya. Kwa watu wengi wenye mlio kama wako, kipande hicho kimesogea mbele ya mahali pake. Ukifungua mdomo, kichwa cha taya kinakiruka na kukikalia tena, na hapo ndipo linapoalika. Mlio peke yake, bila maumivu na bila kugoma, hauhitaji tiba yoyote, na watu wengi wanaishi nao maisha yao yote. Wewe unahitaji kuangaliwa kwa sababu una maumivu na taya limeanza kugoma.

Sasa tuzungumze kuhusu kazi yako, maana nadhani jibu kubwa limo humo. Unaposhona, pini unaziweka wapi? Mafundi wengi ninaowatibu huzibana kwa meno. Uzi wanaukata kwa meno. Shingo imeinama juu ya cherehani kutwa nzima na kidevu kimetangulia mbele. Zaidi ya hayo, mtu akiwa makini kufuata mstari wa kitambaa, meno ya juu na ya chini hukutana na kukazana bila yeye kujua. Kwa mtu asiye na mazoea haya, meno hugusana kwa muda mfupi sana katika saa 24, muda ambao hata nusu saa haufiki, na mwingi wa huo ni wakati wa kula na kumeza mate. Kwingine kote taya linatakiwa kuning'inia limelegea, midomo imefungwa lakini meno yameachana. Anayekaza meno kutwa anafanya kama mtu aliyeshika ndoo ya maji bila kuitua: ndoo si nzito kiasi hicho, lakini jioni mkono unawaka. Msimu wa sare, ukiwa na oda mpaka usiku wa manane, hiyo ndoo huitui kabisa, na ukilala unaendelea kusaga.

Habari ya kung'oa na kukwangua meno kwa ajili ya taya ina historia ndefu. Mwaka 1934 daktari mmoja wa masikio huko St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na maumivu ya sikio na kichwa, akayahusisha na kiungo cha taya. Hapo alikuwa ameona jambo la kweli. Lakini aliamini chanzo ni jinsi meno yanavyokutana, na kwa miongo mingi baada yake wagonjwa wamekwanguliwa meno mazima na kuwekewa mengine ili taya likae sawa. Uelewa umebadilika tangu wakati huo. Desemba 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali kwa watu ambao maumivu ya taya yao yamezidi miezi mitatu, kama wewe. Tiba walizozipendekeza kwa nguvu zote si upasuaji wala vifaa vya gharama. Ni mazoezi ya taya na ya mkao chini ya usimamizi wa mtaalamu, kulegeza kiungo na misuli kwa mikono, kufundishwa mazoezi na kukanda nyumbani, pamoja na tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na mazoea yanayolisha maumivu. Na walikataza kwa nguvu vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha meno kwa kudumu, na upasuaji wa kuondoa kile kipande cha gegedu. Kwa hiyo ukimwambia daktari wako kwamba unataka kuanza na fiziotherapia, yaani hiyo tiba ya mazoezi aliyokutajia jirani yako, usione unamdharau.

Ukifika hospitali ya mkoa, ulizia idara ya fiziotherapia, na uulize wazi kama kuna aliyezoea kutibu taya, kwa sababu si wote wanaolishughulikia mara kwa mara. Atakupima kwa rula jinsi mdomo unavyofunguka. Mtu mzima kwa kawaida hufikia milimita 40 hadi 50 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, sawa na vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama wima. Ataangalia kama taya linafunguka moja kwa moja au linakwenda upande. Atakubonyeza mashavu, panja na shingo. Usishangae akitumia muda mrefu kwenye shingo, kwa kuwa shingo na taya hufanya kazi pamoja. Kisha atavaa glovu, aingize kidole gumba mdomoni, akilaze juu ya magego ya chini, na kulivuta taya kwenda chini na mbele taratibu ili kiungo kipate nafasi. Ni jambo geni kidogo, lakini halitakiwi kuumiza vikali. Likiuma, inua mkono, aache.

Tiba kubwa lakini utaifanya wewe nyumbani. Mtaalamu wa Chile anayeitwa Mariano Rocabado alipanga mazoezi sita, kila moja linarudiwa mara sita, mara sita kwa siku, na sehemu nyingi duniani bado tunafundisha kwa mtindo huo. Sababu ya kuyagawa hivyo ni kwamba taya hujifunza kwa kukumbushwa kidogokidogo kutwa nzima. Ukiyarundika yote usiku mmoja utaliumiza. Nakupa machache ya kuanza nayo kabla hujaonwa.

La kwanza ndilo muhimu kuliko yote. Anza kutamka neno "nne" lakini ukomee kwenye "nnn". Ncha ya ulimi wako sasa imegusa nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Uache ulimi hapo, funga midomo, achanisha meno, pumua kwa pua polepole. Huo ndio mkao wa taya lako kuanzia leo, ukiwa kwenye cherehani, kwenye daladala, ukiosha vyombo. Utasahau, kila mtu husahau. Kwa hiyo bandika kipande cha kitambaa chekundu kwenye kichwa cha cherehani, na kila jicho likikutana nacho jiulize kama meno yamegusana.

La pili, kaa mbele ya kioo. Ulimi ukiwa palepale juu, fungua mdomo polepole na ufunge, ukihakikisha kidevu kinashuka wima bila kwenda kulia wala kushoto. Kwa kuwa ulimi umebaki juu, taya halitafika pale linapoalika, na ndivyo tunavyotaka. La tatu, weka kidole pembeni mwa kidevu, sukuma kidogo sana huku taya likikataa kusogea, hesabu mpaka sita, kisha badilisha upande. Nguvu iwe ile ya kidole kimoja tu, kwa sababu hapa tunafundisha misuli utulivu. Halafu kila unapomaliza nguo moja, nyanyuka, rudisha mabega nyuma, na kivute kidevu kuja nyuma kama mtu anayetaka kutengeneza kidevu cha pili. Shingo yako itakushukuru pia.

Jioni, chovya taulo dogo kwenye maji ya moto, likamue, hakikisha haliunguzi, na ulilaze shavuni kwa dakika 15 hadi 20. Kisha uma meno mara moja uone mahali shavu linapotutumka. Legeza, na hapo ndipo ukande kwa vidole viwili, kwa kuzungusha, dakika chache. Kuhusu kazi, nunua kitakia cha pini cha kuvaa mkononi, na mkasi mdogo wa uzi uufunge kwa kamba kwenye cherehani ili usije ukautafuta ukaishia kutumia meno. Inua kiti au meza kidogo ili usiiname sana. Usifungue soda kwa meno, wala usimwache mtu yeyote nyumbani afanye hivyo.

Chakula hakihitaji kubadilika sana. Kwa wiki kadhaa acha miwa, mahindi ya kuchoma, kashata, mishikaki migumu, muhogo mbichi na bigijii. Ugali, wali, mtori, maharage yaliyoiva vizuri, samaki na uji wa lishe vinatosha kukushibisha bila kulitesa taya. Tafuna pande zote mbili kadiri pengo linavyokuruhusu, na uliza kwa daktari wa meno kuhusu kuliziba hilo pengo baadaye, taya likitulia. Mwayo ukikujia, gusisha ulimi juu na uweke ngumi chini ya kidevu, usiuachie ufunguke wote. Lala chali au ubavu, mto usiwe mrefu sana, na usilaze uso juu ya kiganja.

Hiyo diklofenaki ya kila siku inanitia wasiwasi kuliko taya lenyewe. Dawa za jamii hiyo huchubua tumbo mpaka kutoa vidonda, na zinaweza kuharibu figo na kupandisha presha. Tumbo lako limeanza kulalamika, kwa hiyo iache, na uende kituo cha afya uelezee hilo. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa siku za maumivu makali unaweza kutumia parasetamoli kwa muda mfupi, mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Mweleze daktari kama una mimba au tatizo la ini.

Huenda ukashauriwa kuvaa kifaa cha plastiki usiku. Kinaweza kuyakinga meno yasiendelee kusagika, na kama kimetengenezwa kwa vipimo vya mdomo wako na unaweza kukivua, sina ugomvi nacho. Kukitegemea kama ndiyo tiba yenyewe ndiko nisikokushauri, na chochote kitakachokwangua au kubadilisha meno yako kwa kudumu ukikatae.

Kuna hali ambazo hazingoji mazoezi, na naomba uzisome taratibu. Taya likibaki wazi likakataa kufunga, nenda hospitali mara moja, usiruhusu mtu alisukume kwa nguvu nyumbani. Likigoma kufunguka zaidi ya vidole viwili na lisiachie, nenda hospitali ndani ya siku chache, usisubiri mwezi. Uvimbe, homa, usaha, ganzi ya uso, au uvimbe mgumu unaokua kwenye mfupa wa taya unahitaji daktari wa meno, na pengine rufaa kwa mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya kama walioko Muhimbili. Taya linalokaza ndani ya siku au wiki chache baada ya jeraha kwa mtu asiyekamilisha chanjo linaweza kuwa pepopunda, na hiyo ni dharura. Lako limedumu tangu mwaka jana, kwa hiyo usiogope, ila wewe unayechomwa na sindano kila wiki hakikisha chanjo yako iko sawa. Mtu aliyezidi miaka 50 akipata maumivu mapya ya panja, ngozi ya kichwa ikiuma hata kwa kuchana nywele, na macho yakaanza kufifia, apelekwe hospitali haraka kwa sababu anaweza kupofuka. Na maumivu ya taya yanayokuja mtu akipanda mlima au kubeba mzigo, pamoja na kubanwa kifua na jasho, ni ya kuangaliwa kwenye moyo.

Umeandika kuhusu meno, sikio na minyoo, lakini hukuandika chochote kuhusu yanayokusumbua moyoni. Madeni ya vitambaa, wateja wanaokopa sare wakapotea, watoto, mambo ya ndani ya nyumba: hivi vyote hukaziwa meno usiku. Sikuhukumu, na sisemi maumivu yako ni ya kufikiria tu, maana msuli uliochoka unauma kweli. Nasema tu kwamba ukipata mtu wa kumweleza, iwe mume wako, jirani yako muuguzi au mshauri wa hospitali, hiyo pia ni sehemu ya tiba ya taya. Msimu ujao punguza oda kama unaweza, au tafuta fundi wa kukusaidia. Watu wengi wakishika mazoezi haya hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Mlio unaweza kubaki hata maumivu yakiisha, na usiuhangaikie.

Kuhusu mwanao: watoto wengi wa umri wake husaga meno usiku, hasa kipindi hiki cha meno ya utoto kupisha ya ukubwani, na wengi huacha wenyewe. Kusaga meno si dalili ya kuaminika ya minyoo. Dawa za minyoo aendelee kupewa kwa ratiba ya shule au kituo cha afya, na mama mkwe mshukuru kwa kuwajali. Mpeleke kwa daktari wa meno kama meno yanaonekana kusagika sana au akilalamika taya linauma asubuhi, na umwambie daktari kama anakoroma au analala mdomo wazi, kwa sababu huenda pua au mafindofindo yanamzuia kupumua vizuri.